Kuogelea kwenye ghuba za Ssese: mwongozo kamili kuanzia mwaloni hadi vidonge vya kichocho

Uganda haina bahari. Ina Ziwa Victoria, na upande wake wa kaskazini-magharibi kuna visiwa 84 vya Ssese, vyenye ghuba ambazo nyingine hazina hata kibanda cha chai. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kufika kwenye ghuba ya namna hiyo, aogelee, acheze na mawimbi kidogo, atazame machweo, kisha arudi nyumbani bila minyoo kwenye mishipa ya damu.

Jambo moja lieleweke mapema, maana ndilo linaloamua mengine yote: ghuba inayopendeza zaidi kwenye picha mara nyingi ndiyo mbaya zaidi kuogelea. Maji yaliyotulia kama ya beseni, matete pembeni, mayungiyungi yakielea, hayo ndiyo makao ya konokono wanaobeba kichocho, ugonjwa wa minyoo hiyo. Ghuba iliyo wazi, yenye mchanga mtupu unaopigwa na upepo, huwa na konokono wachache lakini ina mawimbi. Kwa hiyo tafuta ghuba yenye fujo kiasi, na uingie majini saa ambayo fujo hiyo imelala.

Msimu na saa

Miezi mizuri kwa anayeanza ni Desemba hadi Februari. Juni hadi Agosti nako ni kiangazi, ila upepo wa kusini huvuma kwa nguvu, na pande za visiwa zinazotazama kusini huweza kuchafuka siku nzima. Anayetafuta mawimbi aende miezi hiyo. Mwenye watoto asubiri. Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba ni mvua, na ubaya wa mvua ya ziwani si kulowa. Usiku maji hubaki na joto kuliko nchi kavu, hewa hupanda juu ya ziwa, mawingu ya radi yakajikusanya gizani na kupasuka karibu na alfajiri. Kabla ya kupanga safari ya boti ya saa kumi na mbili asubuhi, kumbuka hilo.

Mchana nao kila saa ina adui wake. Mapambazuko na magharibi ni za mamba na viboko. Kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, vijidudu vya kichocho hutoka kwa wingi ndani ya konokono, kwa sababu mwanga na joto ndivyo vinavyowatoa. Alasiri upepo wa kutoka ziwani huinua mawimbi. Panapobaki ni padogo: kama saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, jua likiwa limeshatoka vizuri na upepo bado haujaamka. Hizo ndizo saa za kuogelea. Mchana uliobaki ni wa kutembea, kula sato na kulala kivulini.

Radi ipimwe kwa kuhesabu. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Ukifika chini ya 30, toka majini na usiingie tena hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake ufukweni, hata kama ndio pekee wenye kivuli.

Kufika Bugala

Bugala ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ssese, na karibu kila safari huanzia hapo. Njia ni mbili.

Ya kwanza ni feri ya MV Kalangala, kutoka Nakiwogo, Entebbe, hadi Lutoboka. Ratiba yake ya miaka mingi ni kuondoka Nakiwogo saa nane mchana na kuondoka Lutoboka saa mbili asubuhi ya siku inayofuata; safari huchukua kama saa tatu na nusu. Fika mapema, hasa Ijumaa, kwa sababu tiketi huisha. Uliza pia siku moja kabla kama meli inatembea, maana husimamishwa kwa matengenezo. Kosa linalojirudia ni kupanga kurudi Jumapili jioni. Hiyo feri hurudi asubuhi.

Ya pili ni kupitia Masaka. Kampala hadi Masaka ni kama kilomita 130, na njiani pale Kayabwe utavuka ikweta. Ukifika Nyendo, kabla ya kuingia Masaka mjini, kata kushoto kuelekea Bukakata, kama kilomita 40 hivi. Bukakata kuna feri ya magari inayovuka hadi Luku bila malipo, na huenda na kurudi mara kadhaa kwa siku. Kutoka Luku hadi mji wa Kalangala ni zaidi ya kilomita 30 katikati ya mashamba ya michikichi. Njia hii ni ndefu, lakini ina faida ambayo wengi huisahau: ukikosa feri moja, unasubiri nyingine badala ya kusubiri kesho. Jipangie kufika Bukakata kabla ya saa nane mchana, kwa sababu foleni ya malori inaweza kukumeza hadi feri ya mwisho ikupite.

Toa pesa taslimu Entebbe au Masaka. Pesa za simu zinafanya kazi visiwani, ila wakala anaweza kukosa noti, na ukiingia ghuba za mbali mtandao wenyewe hukatika. Beba kitambulisho; askari wanaolinda uvuvi hukagua boti ziwani.

Lutoboka penyewe pana hoteli, muziki na watu. Kwa usiku wa kwanza panafaa: unafika jioni, unalala, unauliza. Ghuba ya peke yako utaifikia kesho yake, kwa bodaboda na miguu upande mwingine wa Bugala, au kwa boti hadi visiwa kama Bukasa, cha pili kwa ukubwa, au Bubembe. Bubembe ni makao ya kale ya Mukasa, lubaale (mungu wa jadi wa Baganda) wa ziwa, na si kila mwamba au mti hapo ni wa kukalia. Popote utakaposhuka, anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, au wazee wa mwalo, pale wavuvi wanapoegesha boti. Kiswahili kitakufikisha, kwani wavuvi wametoka pande zote za ziwa, lakini salamu ya Kiganda, ssebo (bwana) au nnyabo (bibi) ikiwemo, hulainisha mambo haraka. Waulize maswali matatu: ardhi ya ghuba ile ni ya nani, kuna mamba au kiboko aliyeonekana mwaka huu, na watu wa hapa huoga wapi. Ukiona mahali pa kuchotea maji pamezungushiwa vigingi, jibu la swali la pili umeshalipata.

Boti: kagua kabla ya kulipa

Novemba 2018 boti ya starehe ilizama karibu na ufukwe wa Mukono ikiwa na watu kupita uwezo wake. Zaidi ya watu 30 walikufa, na wengi hawakuwa wamevaa jaketi la kuokolea. Ziwa halikubadilika baada ya hapo.

Boti za mbao za huku huendeshwa na injini ya nyuma. Simama ufukweni uitazame ikiwa imeshapakia. Kutoka usawa wa maji hadi ukingo wa boti iwe angalau shibiri mbili, yaani kama sentimita 40. Ikiwa ni shibiri moja, wimbi la kawaida la alasiri litaingia ndani. Chungulia sakafu: maji kidogo ni kawaida, lakini kama kuna mtu ambaye kazi yake ni kuyachota tangu mpo ufukweni, subiri boti nyingine. Uliza kama kuna kafi, plagi ya akiba na petroli ya kurudia. Injini ikizima katikati ya visiwa, boti huelekea upepo unakotaka, hugeuka ubavu kwa mawimbi na kuanza kujaa. Kafi moja la kuiweka kichwa mbele linaweza kuwaokoa wote.

Jaketi nalo lina mtihani wake. Libane kwa vidole: povu zima hurudi mara moja, lililooza hubaki limebonyea au hutoa sauti ya mkate mkavu. Livae, funga kamba zote, halafu mwenzako alivute juu kwa mabega. Likipanda hadi kidevuni au masikioni ni kubwa mno, na majini litapanda vivyo hivyo huku wewe ukishuka. Kwa mtoto hakikisha lina mkanda wa kupita katikati ya miguu. Majaketi ya kukodi mwaloni yamekaa juani miaka mingi, kwa hiyo kama utaenda zaidi ya mara moja, nunua lako Kampala. Na livaliwe kabla boti haijaondoka. Mahali pake si chini ya makalio kama mto.

Elewana na nahodha bei ya kwenda na kurudi kwa pamoja, na ulipe nusu. Nusu ya pili ndiyo itakayomrudisha kukuchukua.

Kuisoma ghuba

Usivue viatu mara ukishuka. Tembea ufuo mzima kwanza, mwendo wa dakika 20 au 30, ukiangalia mambo haya.

Mwalo uko umbali gani? Mayai ya kichocho hutoka kwenye kinyesi cha binadamu, yakaanguliwa majini na kuingia kwa konokono. Mahali wanapoishi watu wengi wasio na vyoo, maji ya jirani ni ya hatari hata kama ni meupe kama kioo. Ghuba iliyo mwendo wa nusu saa au zaidi kutoka kijiji chochote ni bora, ingawa haina cheti.

Tazama mimea. Chukua fimbo, vuta gugu maji au jani la yungiyungi hadi nchi kavu, ligeuze. Konokono unayemtafuta ni mdogo, kahawia, bapa, amejizungusha kama kifungo cha shati, mara nyingi hafikii upana wa ukucha wa kidole gumba. Hujibandika upande wa chini wa jani, palipo na utelezi. Ukimpata mmoja, hama ghuba. Usipompata, usiseme hapana kichocho. Sema tu kwamba hapa pana nafuu kuliko kule. Vijidudu vyenyewe havionekani kwa macho, na hupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache.

Angalia sakafu ya maji. Mei 2020 ziwa lilipanda na kuvunja rekodi ya 1964, likafunika fukwe, miti na hata kuta za nyumba. Picha za zamani zinaonyesha mchanga mpana ambao leo unaweza kuwa mwembamba au haupo kabisa, na chini ya maji kuna visiki. Kwa hiyo, viatu vya maji miguuni na fimbo mkononi, ingia hadi kiunoni na utembee sambamba na ufuo, ukipapasa mbele kila hatua. Tia alama kwa vijiti viwili ufukweni: kati ya hivi tunaogelea, nje yake hapana. Hakuna kupiga mbizi kwa kichwa, hata kwa anayejua. Shingo huvunjika kwenye maji ya kifuani.

Mwisho, upepo. Rusha vumbi la mchanga mkavu juu. Likienda ziwani, upepo unatoka nchi kavu: maji yataonekana laini ya kuvutia, na chochote kinachoelea, mpira wa gari au boya la mtoto, kitasukumwa nje taratibu bila mtu kugundua. Upepo wa namna hiyo ukiwepo, vya kuelea vibaki ufukweni.

Kuingia majini

Maji yasiyo na chumvi yanakubeba kidogo kuliko ya bahari, kwa tofauti ya kama asilimia 2 hadi 3. Inasikika ndogo, lakini aliyejifunza kuelea Mombasa atashangaa pua inavyokaribia maji. Aliyejifunza kwenye bwawa la hoteli atashangazwa na kingine: hakuna ukingo wa kushika. Ogelea sambamba na ufuo, usielekee katikati, na usivuke kina cha kifua kama wenzako ufukweni hawajui kuogelea.

Mtu mmoja abaki nje na kifaa cha kuokolea, nacho hakihitaji kununuliwa dukani. Chukua jerikeni ya lita 20, tia maji kama nusu lita ili iruke vizuri ikirushwa, kaza kifuniko, funga kamba ya mita 15 hadi 20 kwenye mkono wake. Ikiwa tupu namna hiyo inaweza kuelea na uzito unaokaribia kilo 20, na mtu aliye majini anahitaji kidogo kuliko hapo kuinua kichwa chake. Mtu akizidiwa, irushe ipite kichwa chake, kisha vuta kamba imfikie. Usimfuate kwa kuogelea. Anayezama hupanda juu ya chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni wewe.

Fupisha muda: dakika 15 hadi 20 zinatosha, kwani kila dakika inaongeza nafasi ya kichocho. Ukitoka, jifute papo hapo kwa taulo kavu, kwa nguvu, miguu kwanza. Kufuta husaidia kidogo tu, wala si kinga ya kuitegemea, lakini haigharimu chochote. Pombe iwe ya jioni, mkiwa mmeshamaliza kuogelea.

Mawimbi

Tuseme ukweli kwa anayebeba ubao wa kusimama kutoka Nairobi au Mombasa: auache. Mawimbi ya Ziwa Victoria hutengenezwa na upepo wa karibu, hayatoki mbali kama ya bahari. Huja yakifuatana baada ya sekunde chache tu, mafupi, yamevurugika, yasiyo na msukumo wa kumbeba mtu aliyesimama. Kinachofaa ni ubao mfupi wa kulalia tumbo, au mwili wako tu. Chagua ghuba inayotazama kusini, Juni hadi Agosti, mahali mchanga unapoteremka polepole. Simama kwenye maji ya kiunoni, wimbi likikaribia kuvunjika jitupe mbele ukielekea ufuo, mikono imenyooka kulinda kichwa.

Angalia maji yanarudi wapi. Upepo ukisukuma maji ndani ya ghuba, lazima yatoke, na hutoka pembeni mwa miamba au mahali ambapo mawimbi hayavunjiki. Pale panapoonekana pametulia katikati ya fujo ndipo penye mkondo. Ukikupata, usishindane nao. Ogelea pembeni, sambamba na ufuo, hadi ukuachie.

Mwenye kiu ya wimbi la kweli aende Jinja, kwenye Nile. Huko wimbi husimama mahali pamoja na maji ndiyo yanayokimbia, na watu hulichezea kwa kayaki na mbao. Nguvu ya maji hutegemea yanavyofunguliwa kwenye mabwawa ya umeme, na bwawa la Isimba la 2019 lilifunika baadhi ya maporomoko. Huko usiende bila kampuni yenye waongozaji na helmeti.

Kulala na kutazama

Hema lisimame juu ya mstari wa takataka zilizoachwa na mawimbi, angalau mita 50 kutoka majini, na kamwe lisikae kwenye njia iliyopondwa ya majani yenye nyayo pana. Hiyo ni barabara ya kiboko kwenda malishoni, naye hapigi honi. Usiku tembea na tochi. Chandarua na dawa ya mbu si hiari. Wingu la nzi wa ziwa likija kama moshi, zima taa na funika chakula. Hawaumi, wanakera tu.

Maji ya kunywa chemsha yatokote kwa dakika moja. Ya kuoga yana njia mbili: yapashe hadi nyuzi 50 kwa dakika 5, au yachote na uyaache kwenye chombo safi siku mbili, vijidudu vya kichocho vife kwa kukosa mtu wa kuingia. Watu wengi hukwepa kuogelea kisha wakajimwagia ndoo iliyochotwa sasa hivi ziwani.

Machweo huja kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na haraka kuliko ulivyozoea ukiwa kati ya majengo. Kaa upande wa magharibi wa kisiwa. Giza likishika, taa za wavuvi wa mukene, yaani dagaa, huwaka ziwani moja baada ya nyingine hadi mtu anadhani kuna mji kule. Hiyo ndiyo picha ya kuirudia, na haihitaji kulowa.

Baada ya kurudi

Andika kwenye simu tarehe ya mwisho uliyogusa maji ya ziwa. Ukipata homa, kikohozi, vipele au tumbo kuuma kati ya wiki 2 na 8 baadaye, mwambie daktari kwamba ulikuwa Ssese. Asipojua atatibu malaria na kukurudisha nyumbani. Pima malaria pia, bila shaka.

Hata bila dalili, nenda kituo cha afya ukapimwe kichocho wiki ya 6 hadi ya 8. Dawa ni praziquantel, na kwa kichocho cha tumbo kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili: mtu wa kilo 60 hupata miligramu 2,400, yaani vidonge 4 vya miligramu 600. Mhudumu akupime uzito, na mjamzito aseme. Meza na chakula, bila kutafuna, maana ni chungu. Tumbo kusokota na kizunguzungu cha saa chache si ajabu. Usimeze siku uliyoshuka kwenye feri kwa kudhani unawahi. Praziquantel huua minyoo iliyokomaa, na ile iliyoingia juzi bado ni michanga; itakusubiri umalize vidonge, ikue. Ndiyo maana ya ile tarehe kwenye simu.